Saa ya ukutani iliyonipotezea Atieno

Wakuu, habari za leo. Hii stori nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini, nikiwaambia watu vile vipande vinavyonipendeza tu. Leo naileta nzima, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya samaki Kisumu. Nilikuwa na digrii, tai mbili, na majivuno ya tai kumi.

Atieno alikuwa karani kwenye stoo yetu ya ufuoni. Kila asubuhi alipima mbuta, wale sangara wa ziwani, akatuma ripoti ofisini kwa modem kabla ya saa nne, ndipo lori liondoke. Jumapili tulitoka kanisani tukatembea hadi kwake Migosi, polepole, ili njia isiishe.

Lori likaanza kuchelewa. Bosi akaniuliza: ni network yako au ni huyo msichana?

Nikaweka kompyuta pale ofisini inase kila packet, yaani kila kifurushi cha data, inayoingia. Wiki nzima timestamp, yaani mihuri ya saa, zilisema saa nne na dakika saba, nne na sita, nne na nane.

Atieno akacheka. "Mhandisi, mimi natuma kabla ya habari za redio. Hiyo mashine yako imelewa?"

"Mashine haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi ninayo?"

Wakuu, hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nikaprint zile karatasi, nikampa bosi. Ijumaa Atieno akaachishwa kazi.

Jumapili sikwenda kanisani wala Migosi. Niliona aibu, nikaiita kazi nyingi.

Sasa kwa wasiojua: zile packet hazikuja na saa ya kutumwa. Muhuri hupigwa na kompyuta inayonasa, packet inapoifikia, kwa saa yake yenyewe. Saa hiyo ikiwa mbovu, kila muhuri ni mbovu, tena kwa unadhifu mkubwa.

Na nani aliiweka saa ya ile kompyuta? Mimi. Nilitazama ya ukutani. Mzee Okoth wa mapokezi alikuwa ameisukuma mbele dakika kumi ili tusichelewe kazini. Ofisi nzima tulijua! Kila aliyeitazama alitoa kumi kichwani, mimi pia, kila siku nikingoja lunch. Siku ile tu sikutoa. Nilikuwa nasoma manual.

Niligundua Jumanne, redio ilipotangaza saa saba na mashine yangu ikadai saba na kumi. (Lori? Dereva alikuwa akipitia chai kule mtaa wa Mamboleo.)

Nikakimbia kwa bosi, akakubali Atieno arudi. Nikakimbia Migosi. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake, Mama Apiyo, alikuwa akianika dagaa wa omena.

"Amehama jana, baba. Hakuacha anwani."

Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Jumapili alikaa hapa nje amevaa vizuri mpaka jioni. Nikamwambia ingia ule. Akasema, atakuja tu, amechelewa kidogo."

Nilichojifunza: kabla ya kuamini muhuri, uliza ni saa ya nani. Na kama kuna mtu unayempenda, muulize yeye kwanza.

Karibuni mchangie. Wa kunitukana wapange foleni, mimi niko mbele.

Na kama kuna anayemjua Atieno aliyekuwa akipima mbuta Kisumu, msimpe salamu zangu. Mwambieni tu ripoti zake zilifika kwa wakati.