Mshenga Aliyekataa Kibuyu

Mume wangu Theodory ameposea vijana wengi wa Nangara, na hajawahi kurudi na jibu la hapana. Ana sauti ya pole, anajua wakati wa kutania na wakati wa kunyamaza. Tena ni fundi cherehani, kashawapima suti wazee wa kila ukoo, kwa hiyo popote anapobisha hodi ana pa kuanzia mazungumzo. Mimi ni Marietha, mkewe, au Mama Edda ukipenda. Huwa tunaongozana, maana mshenga akienda bila mwanamke watu wanajiuliza kwake kuna nini.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Wilbert, mtoto wa mdogo wake Theodory. Alimpenda Gaudiosa, binti wa Mzee Konstantini wa Sigino, na kwa jinsi alivyokonda kwa kumuwaza ilibidi tufanye haraka. Sasa kabla hatujaenda, mshenga wetu akaugua.

Ilianza na kiu. Theodory alikuwa anakunywa maji mtungi mzima na kutoka nje kila saa, halafu analaumu joto, wakati sisi wengine tumevaa masweta. Baadaye akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akautukana uzi. Hapo nilimburuta hospitali. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akaenda kumwita daktari. Daktari alitueleza bila kuficha: ni kisukari, ile aina ya pili inayowapata watu wazima. Hakiponi, ila kinatulia ukikiheshimu. Vidonge kila siku, ugali kidogo, mboga kwa wingi, atembee kwa miguu, na pombe aachane nayo.

Theodory aliitikia kila kitu kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani akaacha sukari kwenye chai, akajisifu mpaka jioni, kisha akakaa mezani na kujikatia ugali wa kulisha wavunaji.

"Baba Edda, daktari kasemaje?"

"Sukari si nimeacha? Kwani ugali umetiwa sukari?"

Tulinuniana siku nzima. Kesho yake nikachukua mwiko, nikawa napakua mimi. Ugali kiasi cha ngumi, sahani iliyobaki ni mboga ya mnafu. Aliutazama ule ugali, akaniuliza wenzake wamebaki wapi. Nilicheka nikiwa bado nimekasirika, jambo ambalo sipendi kulifanya.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakutaka kulitaja jina la ugonjwa wake. Alisema tu "ile kitu ya hospitali". Vidonge alivimeza amegeukia ukutani. Na akanikataza kabisa kumwambia mtu yeyote.

"Konstantini akisikia kwenye ukoo wetu kuna ugonjwa wa kurithi, unafikiri atatoa binti? Mtoto aoe kwanza."

Nilimwelewa, na nilimwogopea. Nilijua kinachomngoja kule Sigino. Kwa Mzee Konstantini hamfungui mdomo juu ya binti kabla mshenga hajanywa kibuyu cha pombe ya asali. Ukikataa, ama umewadharau, ama umekuja na jambo baya moyoni. Nilimuuliza atafanyaje.

"Niachie mimi," alisema. Katika miaka yote ya ndoa yetu, maneno hayo hayajawahi kuniletea heri.

Basi tukaenda na Wilbert, Jumamosi mchana, tumependeza. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa sebuleni. Shikamoo zikazunguka, marahaba zikarudi, habari za mvua na maharage zikaisha. Akaingia Benadetha, dada yake Mzee Konstantini, amebeba kibuyu kwa mikono miwili. Akapiga goti, akampa mume wangu.

Theodory akashika shavu. "Samahani shangazi, juzi nimeng'oa jino."

"Pole baba. Nywea upande wa pili."

Akajikuna kichwa. "Halafu pia leo nimefunga."

Mzee Konstantini ni katekista mstaafu. "Umefunga? Mwezi wa kumi? Mfungo gani huo, tuufunge wote?"

Mimi nilikuwa natazama miguu yangu, natamani sakafu inimeze. Mzee akakichukua kibuyu, akakiweka chini katikati ya sebule. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mshenga, kama hamtutaki semeni. Tumewakosea nini?"

Theodory alinigeukia. Uso wote jasho. Kisha akasimama, kitu ambacho washenga hawafanyi.

"Mzee, la jino nimedanganya. La kufunga nimedanganya. Nina kisukari."

Ndiyo mara ya kwanza nalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, na nilitaka kulia palepale.

"Nimeambiwa juzijuzi tu," akaendelea. "Pombe hii itaniumiza. Na mimi ni baba mkubwa wa Wilbert, damu yetu ni moja, kwa hiyo bora mlijue kabla hamjasema lolote. Kijana mwenyewe ni mzima. Mkitaka apimwe, atapimwa."

Nilimwona Wilbert wa watu anazidi kukonda. Mzee Konstantini akaguna, akavuta kiti chake karibu.

"Mshenga aliyekuja kumposa dada yake Gaudiosa alikunywa kibuyu chote, akaomba na kingine. Akaapa kijana wake hana mke. Kumbe mke anaye kule Magugu, na watoto. Wewe umekuja kunitajia aibu yako mwenyewe kabla sijakuuliza. Kaa chini, baba. Nikikuuliza habari za Wilbert nitakuamini."

"Kwanza ni aibu gani?" Benadetha akadakia. "Mimi mwenyewe nina presha."

Mzee mmoja pembeni akasema yeye ana vidonda vya tumbo. Mwingine akapandisha suruali kutuonyesha goti. Ghafla posa ikawa foleni ya hospitali, kila mtu na lake, na kicheko kikubwa. Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Ila," akasema Mzee Konstantini, "kibuyu kimeshatoka. Hakirudi ndani kimejaa. Upande wenu lazima unywe, ndiyo tuongee."

Nikauona mkono wa Theodory unanyooka. "Basi nitaonja kidogo," alisema. Nakujua kuonja kwake. Angekunywa chote kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake, na kesho ningekuwa namkimbiza hospitali.

Nikakiwahi kibuyu.

"Na mimi ni upande wetu," nikasema.

Theodory akageuka haraka. Yeye peke yake pale ndani alijua. Baba yangu alikunywa shamba letu lote la Dareda, kipande kwa kipande, mpaka tukawa tunalima vibarua kwenye mashamba yaliyokuwa yetu. Nikiwa msichana nilimwapia mama yangu kwamba pombe haitagusa midomo yangu. Haikuwahi kugusa, hata harusini kwangu.

Nikanywa. Ilikuwa tamu, na ikanichoma mpaka kifuani. Machozi yakanitoka, wao wakadhani ni ukali wa pombe. Nilipokifikisha nusu, Benadetha akapiga vigelegele na Mzee Konstantini akasema inatosha, sasa semeni mlichokuja kusema.

Theodory akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mshenga wa Nangara nzima! Nikampiga kiwiko.

"Tumekuja kuomba binti," akasema hatimaye. "Mengine niliyopanga nimeyasahau yote."

Wakacheka, wakatupa siku ya kurudi na wazazi wa kijana.

Tulirudi kwa miguu, kama daktari alivyotaka. Mimi nilikuwa naimba, sikumbuki wimbo gani.

"Nilikuwa naogopa, Mama Edda," akasema. "Niliona nikilitaja tu, litakuwa langu kweli."

"Ni lako," nikamjibu. "Na pombe ni yangu. Sasa nishike mkono vizuri, hii barabara haitulii."