Maiki ya Kisogoni

Fundi Cheche alikuwa na masikio makubwa, yamekaa vizuri kichwani, na kazi yake pekee ilikuwa kushikilia miwani. Ujana wake wote aliumalizia mbele ya grenda karakanani, akikata vyuma vya mageti na madirisha, na kila chuma alichokata kiliondoka na kipande cha usikivu wake. Alipokuja kushtuka, zilizobaki zilikuwa sauti za ngurumo na milango inayobamizwa.

Hakumwambia mtu. Hakukuwa na haja, maana kila mtu alijua. Mkewe alizungumza naye uso kwa uso, amegeukia dirisha ili midomo yake ipate mwanga. Binti yao alimgusa mkono wa shati kwanza ndipo aseme. Lakini neno lenyewe, kusikia, halikutamkwa katika nyumba ile, kama vile mtu asivyotamka tusi mbele ya wakwe. Ukimuuliza Cheche kama amekula, akajibu "Kesho asubuhi," unaitikia "Haya" na maisha yanaendelea.

Karakanani hawakuwa na adabu hiyo. Kule watu wengine husengenywa wakiondoka. Cheche alisengenywa akiwepo, mtu amesimama nyuma yake karibu kiasi cha kumpulizia shingo. Kinara wa mchezo huo alikuwa shemeji yake, kaka mdogo wa mkewe, ambaye Cheche mwenyewe alimtafutia kazi pale na kumfundisha kushika nyundo. Shemeji alikuwa na mdomo ambao ungefungwa mkanda ungeendesha mashine zote. Alimwita Cheche "Mheshimiwa Ukuta", na wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, huku Mheshimiwa akiendelea kupima chuma kwa utulivu.

Mambo yalibadilika siku bamba la chuma lilipokuwa likiteremshwa kwa mnyororo, likateleza. Karakana nzima ilipiga kelele. Cheche alibaki chini yake akitafuta penseli. Bamba lilipita pembeni, likachana kiatu. Tajiri, mwenye karakana, alimfuata mpaka usoni, akamwambia polepole, "Ukinitisha hivi tena, utakwenda kupumzika." Hayo maneno Cheche aliyapata yote, maana tajiri ana midomo minene inayosomeka vizuri kuliko bango.

Baada ya wiki hiyo, chuo kimoja cha ufundi kikatangaza kwamba kinatafuta mkufunzi wa karakana. Mwombaji atume video fupi akifundisha jambo moja la kazi yake. Cheche aliliona tangazo kwenye simu ya binti yake, akalisoma tena na tena. Wanafunzi hukaa mbele ya mwalimu. Mtu aliye mbele yake, yeye alimsikia kwa macho. Hakuna mabamba ya kuteremshwa, hakuna mtu wa kumwita kutoka nyuma. Ile kazi ndiyo ilikuwa njia yake ya mwisho ya kuendelea kuitwa fundi.

Akanunua kamera ndogo iliyotumika, zile za wanamichezo, akaifunga kwenye kofia ngumu, akarekodi, akatuma. Chuo kikajibu kwa ujumbe: picha nzuri, mikono inaonekana vizuri, lakini sauti haieleweki kabisa, arudie kabla ya Ijumaa jioni.

Ndipo akaenda kwa fundi simu wa kona, kijana mwenye kibanda cha kioo na maoni juu ya kila kitu.

"Mzee, kamera hizi zimetengenezewa watu wanaojirusha kutoka kwenye ndege," fundi simu alisema. "Mtu anayeanguka hana hotuba. Sauti yake ni ya ndani ya ndoo. Wewe unataka maiki ya nje."

Cheche alitazama midomo, akaitikia kwa kichwa.

Haikuwa kazi ya kuchomeka tu. Kamera ilikuwa na tundu moja, la chaji, na pini ya maiki ni ya mviringo. Fundi simu akatafuta adapta, akachomeka, kimya. Akaigeuzageuza, akaitupa kwenye boksi. "Hii inapitisha moto wa chaji tu, sauti haijui." Akapata nyingine. Bado kimya. Akajipiga paji la uso, akaingia kwenye mipangilio ya kamera, akaiambia iache maiki ya ndani, itumie ya nje. Kwenye kioo, mistari ya kijani ikaanza kuruka kila alipoongea.

"Umeona? Usipobadilisha hapa, umejivika pambo tu. Na haya manyoya uyavalishe maiki, yanazuia upepo. Sasa nisikilize, mzee. Usiiamini mistari. Inaruka hata mtu akipiga chafya. Vaa hizi masikioni usikilize mwenyewe."

Akampa spika za masikioni. Cheche akazivaa, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mtu aliyekaa mbele ya bendi.

"Safi!" akasema. "Safi kabisa!"

Fundi simu alikuwa bado ameshika waya wa zile spika mkononi. Hakuwa ameuchomeka popote.

Kijana aliuangalia waya, akaushusha chini ya meza. Halafu, kwa huruma ya kipumbavu, akapandisha usikivu wa maiki mpaka mwisho, ili angalau mistari imrukie mzee vizuri, ajue inafanya kazi. Akamsindikiza kwa heshima zote. Cheche hajafika hata nyumba ya tatu, kibanda kizima kilikuwa kinalia kwa kicheko.

Siku ya kurekodi, Cheche aliwaomba wenzake wazime mashine. Wakazima. Shemeji, kwa moyo mmoja, akajitolea hata kufagia.

Kulikuwa na swali la mahali pa kubana maiki. Mtu mwingine angeibana kifuani, chini ya kidevu. Lakini Cheche alifikiri kama mtu wa cheche. Moto wa jiwe la mashine ya kunolea hurukia mbele na chini. Manyoya yale yangewaka kama kiberiti. Tena waya ukining'inia mbele, jiwe linaweza kuudaka na kumvuta mtu uso. Kwa hiyo akaupitisha waya juu ya kofia, akaushusha nyuma, na maiki akaibana kwenye mkanda wa aproni yake ya ngozi, pale kisogoni. Akajitikisa. Haikutoka. Kwa usalama wa karakana, ilikuwa kazi ya kupigiwa saluti.

"Shemeji," shemeji alisema akiwa nyuma yake, "umebeba panya shingoni?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mistari ya kijani ikaruka kwenye simu aliyoiunganisha na kamera. Cheche akaiona, akafurahi.

Alichagua kufundisha jambo ambalo kila fundi wa mashine ya kunolea hulijua: kabla hujafunga jiwe jipya, lining'inize kwenye kidole, uligonge kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lenye ufa hulia kama kopo lenye matope, na hilo ukilifunga likazunguka, linapasuka na kukufuata usoni. Somo zuri, fupi, la kuokoa maisha. Lina sharti moja tu dogo, nalo ni sikio.

Kabla hajaanza, shemeji alikuwa amekwisha kuliondoa lile jiwe zima aliloliandaa Cheche na kuweka mezani bovu lililotupwa zamani. Si kwa chuki, hapana. Aliwaambia wenzake hatagundua, nao walibisha, na watu wanaobishana lazima wapate ushahidi.

"Karibuni," Cheche alianza, akilitazama jiwe. "Leo tunajifunza kupima jiwe."

"Sasa atasema, usilifunge jiwe usilolijua," shemeji alisema kisogoni, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Usilifunge jiwe usilolijua," Cheche akasema.

"Lishike kwa kidole kimoja, kama unamshika bibi harusi."

"Lishike kwa kidole kimoja."

"Si alinifundisha mimi hivi hivi! Haya, gonga, Mheshimiwa Ukuta, gonga watu wasikie."

Cheche akagonga. Jiwe likalia *pwa*, kama kopo lenye matope.

"Mnasikia?" akasema kwa fahari, akainua jiwe karibu na kamera. "Mlio safi. Jiwe hili ni zima."

"Bovu hilo!" shemeji alicheka. "Lina ufa, hata mtoto anasikia. Mlio kama huo unalitupa, hulifungi. Na huyu mwenyewe mwisho wa mwezi anatupwa, tajiri keshaniambia nikae mkao wa kula, grenda yake naichukua mimi. Mheshimiwa, endelea kuhutubia."

Mheshimiwa akaendelea, akamaliza, akashukuru. Alipogeuka, wote walikuwa wamefunga midomo kama picha ya pasipoti, mmoja anajifuta machozi. Cheche alidhani somo limemgusa.

Ijumaa mchana aliikusanya familia sebuleni, akaunganisha kamera na runinga. Mkewe, binti yake, jirani wa mlango wa pili, na shemeji aliyekuwa amepita kula kama kawaida yake. Cheche hakukaa. Alisimama pembeni ya runinga, akiwatazama wao.

Sauti ikatoka. Ya Cheche ilikuwa kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Ya shemeji ilijaa sebule mpaka kwenye mapazia.

Jirani akaangalia miguu yake. Shemeji kijiko kikabaki njiani. Mkewe akamtazama kaka yake, na kaka yake akatazama sahani. Mheshimiwa Ukuta. Jiwe bovu. Mwisho wa mwezi anatupwa. Yote yalipita mle ndani, neno kwa neno, na katikati yake mwenye nyumba amesimama anatabasamu, akihama kutoka uso hadi uso kama mtu anayekusanya pongezi.

"Sauti ikoje?" akauliza.

Binti akainuka, akamshika mkono wa shati. "Baba, usi—"

"Wewe, kalete maji," mama yake akamkata.

"Mama, lakini—"

"Nimesema maji!"

Binti akamtazama baba, akamtazama mjomba wake, akaenda jikoni analia. Cheche aliona machozi, akasema, "Mtoto ana moyo laini huyu."

Mkewe akageukia dirisha, mwanga ukampiga midomoni. Kumwambia ukweli kulimaanisha kumsema kaka yake mbele ya jirani, na kulimaanisha kulitamka lile neno lisilotamkwa. Kusema uongo kulihitaji maneno machache zaidi.

"Safi, baba," akasema. "Yote tumesikia."

"Shemeji?"

Shemeji akameza tonge. "Inasikika mpaka inatisha, shemeji."

Cheche akatuma hapo hapo.

Majibu yalikuja kwa simu, wiki iliyofuata, mafundi wakiwa kwenye chai. Ilitetemeka mfukoni mwa Cheche. Akaona ni chuo, akafanya alichofanya siku zote: akainua mikono yake yenye grisi kama kisingizio, akampa aliye karibu. Aliye karibu alikuwa shemeji.

"Nishikie, shemeji. Ongea nao."

Simu ya Cheche sauti yake ilikuwa imepandishwa mpaka mwisho, hivyo kila mtu alisikia. Isipokuwa yule mmoja.

"Tunampigia mtu wa kwenye video," mwanamke wa chuoni alisema. "Si yule aliyeshika jiwe. Tunamtaka yule wa nyuma, aliyejua kwamba jiwe ni bovu."

Karakana ikaacha kutafuna.

"Tulicheka sana," mwanamke akaendelea, "lakini huyo ana sauti inayofika na ana sikio. Yule wa mbele, samahani, ana mikono tu, na kwetu mkufunzi asiyesikia ni msiba unaosubiri siku. Je, unamfahamu huyo wa nyuma?"

Shemeji akamtazama Cheche. Cheche alikuwa ameegemea mbele, macho kwenye midomo ya shemeji yake, anasubiri kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Shemeji akamgeuzia mgongo.

"Ni mimi," akasema. "Naweza kuja hata leo."

Akamaliza mazungumzo, akageuka na uso mpya.

"Wanasemaje?"

"Wamesema sauti ni nzuri sana, shemeji. Ila nafasi wamempa mtu mwingine."

"Fundi?"

"Kijana tu. Anajuajua."

Cheche akatikisa kichwa, akachukua simu yake, akaifuta kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Si kitu," akasema. "Angalau sauti ilifika."

Shemeji aliondoka siku hiyo hiyo bila kumaliza chai yake. Jiwe zima lilibaki limefungiwa kwenye sanduku lake la vifaa, na ufunguo mfukoni mwake.

Mchana Cheche alihitaji kunoa patasi. Akalichukua jiwe lililokuwa mezani, akalining'iniza kwenye kidole, akaligonga kwa mpini wa bisibisi.

*Pwa.*

"Safi," akasema, akaanza kulifunga kwenye mashine.

"Mwambieni basi," mmoja alinong'ona.

"Mwambie wewe. Mdomo si unao?"

"Nitaanzia wapi?"

Wakasogea, mmoja baada ya mwingine, na vikombe vyao, mpaka mlangoni. Cheche akakaza nati, akashusha miwani, akabonyeza swichi. Jiwe likazunguka, likavuma, na siku hiyo likavumilia. Akageuka, akawaona wamesimama wote mlangoni wanamtazama, akawainulia kidole gumba.

Nao wakamrudishia.