Mama wa Hesabu na Mkalimani Wake

Juma hili tulimsindikiza Lilongwe mama mmoja wa Fizi, Kongo, aliyekimbia vita na sasa anafundisha hesabu katika kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Anapanga kusomea shahada ya uzamivu. Mama huyu alisoma kwa Kifaransa, na Kiingereza anakisikia zaidi kuliko kukisema, kwa hiyo pasta wetu alimtafsiria mbele ya profesa wa chuo kikuu anayetarajiwa kumsimamia.

"Balimu ba vijijini banafundisha hesabu bila musaada," alisema. "Mi nitatafuta namna ya kubasaidia."

"Anaomba kujaribu," pasta akatafsiri kwa unyenyekevu.

Mama akamshika mkono. "Pasta, sikusema kujaribu. Nimesema nitafanya."

Profesa alipoelezwa alicheka, akavuta kiti karibu. "Basi tuanze kupanga."

Nilitoka kifua mbele, utadhani nitasoma mimi. Jumapili, pasta akitafsiri mahubiri, kila sentensi alimtazama kwanza mama yule.