Ubani Uliomkimbiza Mkamwana

Wageni wakiingia kwangu hapa Majengo husimama kidogo mlangoni, huvuta pumzi, kisha huniuliza nimechoma nini. Nikiwajibu kwamba sijachoma kitu, wengine hudhani nawaficha. Siwafichi. Ukiwa na subira nitakueleza yote, na ukifika kwako utaweza kufanya mwenyewe, maana si kazi ngumu. Ila itabidi nianze na mama yangu, ambaye alijifunza jambo hili kwa kuzunguka sana.

Wakati huo Wajerumani walikuwa bado bomani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa iliyovifuata nayo ilikuwa imepita, na watu waliobaki walikuwa wakijenga upya. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechomwa moto pamoja na ghala zake. Baba aliijenga nyingine ya miti na udongo, chini kidogo ya boma, akaikalia msimu mmoja tu, homa ikamchukua. Tukabaki wanne: mama, bibi mzaa mama, kaka yangu, na mimi niliyekuwa msichana mkubwa lakini bado sijaolewa.

Baba alikuwa Myao wa Tunduru, mfanyabiashara wa nta. Alikuwa akienda Lindi na misafara, na kila akirudi alileta ubani kidogo, akautia kwenye sanduku lake la mbao. Siku ya msiba wake nyumba ilifukizwa ubani asubuhi na jioni, kama ilivyo desturi, na watu walipotawanyika mama hakuacha. Aliendelea kuweka makaa kwenye chetezo, akatupia punje zake, akazunguka chumba hadi chumba kama mtu anayemwagilia bustani. Alisema nyumba isiyonukia haimkaribishi mgeni.

Hapo ndipo penye somo la kwanza, nalo ni muhimu kuliko yote: pua ya mwenye nyumba ni shahidi mbaya. Ukikaa na harufu muda mrefu, pua yako huizoea, ikaacha kukuambia habari zake. Basi unaongeza kidogo ili uisikie tena. Kesho unaongeza tena. Wewe unaona nyumba inanukia kwa mbali tu, kumbe wapita njia barabarani wanapiga chafya. Mama alifikia hali hiyo bila kujua. Jirani yetu alipokuja asubuhi kuomba kaa la moto, alikohoa tangu mlangoni hadi jikoni, na mama akampa pole na kumshauri atumie asali kwa kifua. Jirani akashukuru. Siku nyingine akawa anaomba kaa lake akiwa nje.

Kaka akaoa. Mke wake alitoka Mpitimbi, binti wa wakulima, mpole, mwenye kicheko kizuri tulipokuwa wawili tu kisimani. Mbele ya mama, hata hivyo, alikuwa mwingine kabisa. Kwa desturi yetu ya wakati ule, mkamwana mpya hakuwa na maneno mengi kwa mama mkwe. Aliinamisha macho, alijifunika uso kwa upindo wa nguo yake, na akiwa na haja aliipitisha kwa mtu mwingine, kwa mfano kwangu mimi wifi yake, au kwa bibi. Kulalamika ndiyo kabisa, hakuthubutu.

Sasa fikiria. Mama anaingia na chetezo. Mkamwana anavuta upindo wa nguo, anafunika mdomo na pua, anainama. Mama anafurahi. Anamzungushia moshi mara ya pili kwa heshima, na mkamwana anajifunika zaidi, amebaki macho tu, tena macho yenyewe yanatoa machozi. Mama alikuja jikoni akaniambia kwamba binti yule alikuwa amelelewa, kwamba hajapata kuona mtoto wa watu mwenye haya namna ile, hata akifukiziwa analia kwa kuguswa. Aliwasimulia majirani. Na kwa kuwa aliona adabu kama ile inastahili kutunzwa, aliongeza punje.

Mimi niliona, lakini sikujua niseme nini. Bibi naye aliona, akawa anatazama tu, huku mabega yanacheka.

Mwezi wa mavuno kaka alichukuliwa na msafara wa nta kwenda Lindi. Alimwacha mke wake kwa mama, naye tayari alikuwa na mimba changa. Ninyi mliokwisha kubeba mimba mnajua miezi ile ya mwanzo pua inavyokuwa. Wifi akawa hali kitu kikakaa tumboni. Mama, kwa huruma, akahamishia chetezo karibu na kitanda chake ili apate nafuu. Baada ya siku chache wifi aliniomba nimwombee ruhusa akamsalimie mama yake Mpitimbi. Mama akakubali mara moja, akamfungia na unga wa zawadi. Mimi niliyembebea mzigo hadi njia panda niliona kwamba amechukua nguo zake zote.

Hakurudi. Badala yake alikuja mjomba wake, mtu wa maneno machache, akakaa kivulini nje ya nyumba na kukataa kuingia. Alieleza kwa upole kwamba binti yao anaendelea vizuri, anakula, na kwamba mume wake akirudi kutoka pwani wazee wangependa ajenge hukohuko Mpitimbi, ardhi ipo. Hakutaja kosa la mtu. Akamaliza maji yake, akaaga.

Mama alibaki amekaa palepale. Sote tulielewa maana yake. Kaka ndiye mtoto wake wa kiume pekee, na mjukuu aliye tumboni angekuwa mtoto wa kwanza katika ukoo wetu tangu vita. Kaka akihamia Mpitimbi, mimi nami nikiolewa, mama angebaki na bibi peke yao katika nyumba aliyoijenga baba. Alijipekua siku nzima kutafuta kosa lake. Je, chakula? Je, alimpa kazi nyingi? Je, alimsema vibaya mahali? Jioni akainuka, akaweka makaa kwenye chetezo, akisema labda nyumba ilikuwa imepungua harufu.

Bibi akasema, "Hebu kwanza kaa chini, mwanangu, kabla hujatukausha kama samaki."

Nieleze kidogo hapa kwa wasiojua. Bibi na mke wa mjukuu ni watani. Bibi alimwita kaka mume wangu, na mkewe akamwita mke mwenzangu, na katika utani huo mkamwana angeweza kumwambia bibi lolote. Naye alikuwa amemwambia. Bibi alinyamaza muda wote ule kwa sababu utani una adabu zake: ukipewa neno kwa mzaha huligeuzi mashtaka. Sasa aliona mzaha umekwisha.

Akamweleza mama kwamba mtoto wa watu alikuwa akijifunika pua. Mama akabisha. Akasema ile ilikuwa haya.

"Haya ilikuwapo," bibi akasema, "lakini haya haimtapishi mtu."

Mama akanigeukia mimi. Nikatazama chini, na hilo likawa jibu. Akawa mkali kidogo, akasema ubani ni kitu kizuri, kitu cha gharama, watu wa pwani wanafukizia mabibi harusi, kwa nini yeye aambiwe unanuka? Bibi akamwacha aseme mpaka akachoka. Kisha akamjibu kwa sauti ya chini, bila utani hata kidogo.

"Haunuki. Ila mke mwenzangu aliniambia kila akiuvuta anaona kama amekuja matangani. Nami naona hivyohivyo. Unamkaribisha mtoto kwa harufu uliyomuagia mumeo."

 Mama aliutazama ule moshi. Halafu akasema ilikuwa harufu ya mwisho aliyokuwa nayo baba ndani ya nyumba ile, na alikuwa anaogopa ikiisha ataanza kumsahau. Bibi akasogea, akamshika goti. Wakakaa hivyo mpaka makaa yakazimika yenyewe.

Hakuutupa ubani, na wewe usitupe kitu unachokipenda kwa sababu tu hakifai sebuleni. Alichofanya ni kuuhamisha. Sehemu kubwa aliwapa majirani wanaoshughulika na misiba, na kiasi kidogo akaweka kwa ajili ya siku za kwenda kaburini. Huko nje, penye upepo, ulinukia vizuri sana.

Basi tukaanza upya, na ndipo nilipojifunza haya ninayokueleza. Kwanza tulitoa vyote ndani. Harufu nzuri haiwezi kukaa juu ya harufu mbaya, zikikutana huzaa ya tatu mbaya zaidi. Tulikuta ngozi ya mbuzi iliyooza upande mmoja chini ya kitanda, kuni mbichi ukutani, na kikapu cha karanga zilizoota ukungu. Mama alishangaa mno, akauliza vitu hivyo vimefika lini. Bibi akamwambia vilikuwepo siku zote, ila vilikuwa vinaogopa ubani.

Mama alikuwa mtu wa kuzidisha, na kuacha ubani hakukumponya. Alipoambiwa kwamba kivumbasi kinanukia vizuri, yale majani yanayoota yenyewe kando ya njia, alikwenda akakata mzigo mzima, akaning'iniza mafungu kila mahali mpaka tukawa tunainama kupita. Bibi akapiga hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe, akauliza kama mganga yupo. Mafungu yakashushwa. Kesho yake mama akachemsha mchaichai kwenye chungu kikubwa, na nyumba nzima ikawa na joto na unyevu, tukatoka jasho kama wapagazi.

Kidogo kidogo tukafika. Udongo wa kusiriba sakafu tuliukanda kwa maji yaliyolowekwa kivumbasi usiku kucha. Ukikauka, haunukii kitu mpaka mtu akanyage au unyunyize maji kabla ya kufagia, hapo harufu hunyanyuka kidogo, kisha hutulia. Hiyo ilidumu majuma mengi. Majani makavu ya mchaichai tuliyatandaza machache chini ya mkeka, yakawa yanatoa harufu mtu akikaa tu. Na nta ya baba, vipande vilivyobaki, tulisugulia mlango na vigoda. Nta haina haraka. Asubuhi imenyamaza, jua likigonga mlango mchana inaanza kunukia asali kwa mbali, mpaka mgeni anajiuliza kama ameisikia kweli. Ukiona mgeni anajiuliza, ujue umepatia. Akijua papo hapo, punguza.

Kuhusu kupima, mama alikuwa na njia yake. Hakuiamini tena pua yake, na alikuwa sahihi. Alikuwa anakwenda mtoni, anakaa huko kitambo, anarudi upesi na kuingia bila kusema na mtu, ili aisikie nyumba kabla pua haijazoea. Nawe fanya hivyo. Kisha akamwita yule jirani wa kaa la moto aingie ndani. Jirani aliingia kwa uangalifu kama anayeingia kwenye maji baridi, akafika jikoni, akakaa, akaanza kusimulia habari za shamba lake, na jioni ikamkuta hapohapo. Hakusema lolote kuhusu harufu. Mama aliponung'unika kwamba hakusifiwa, bibi alimwuliza anataka sifa gani kupita mtu kusahau kwenda kwake.

Mama hakuweza kwenda Mpitimbi mwenyewe kumbembeleza mkamwana, isingekuwa heshima kwa upande wowote. Alikwenda bibi, nami nikamsindikiza. Alifika, akasalimiwa shikamoo na ukoo mzima, akampita kila mtu na kumwambia wifi, "Mke mwenzangu, mume wetu yuko njiani na wewe umeniachia kazi zote. Unadhani mgongo huu ni wa msichana?" Watu wakacheka, wifi naye akacheka. Mama yake hakucheka sana. Alisema watakuja kutazama, na wakishatazama wataamua.

Walikuja watatu: mjomba, mama wa wifi, na wifi mwenyewe. Mama yangu alikuwa amefagia tangu alfajiri na sasa alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, hataki kuonekana, akiniuliza kwa mikono wanafanya nini. Mjomba safari hii aliingia ndani. Mama wa wifi alikaa mkekani, akageuza kichwa huku na huku akinusa waziwazi, kama mtu anayenunua samaki. Hakuona la kusema. Akanyoosha miguu iliyochoka kwa mwendo, akaegemea ukuta, na kabla maji hayajaletwa alikuwa amesinzia.

Wifi alizunguka chumba taratibu, akachungulia penye kitanda chake, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Akakutana na mama yangu uso kwa uso. Nilitaka kukimbia niwe katikati, nipokee neno huku na kulipeleka kule, kama ilivyokuwa kazi yangu. Hakunisubiri. Akapiga goti kidogo, akasema mwenyewe, kwa sauti aliyokuwa akitumia nami kisimani:

"Mama, nina njaa."

Mama alikodoa macho. Akaniambia nimwambie mkamwana kwamba ugali wa ulezi uko tayari, halafu akakumbuka kwamba mkamwana yuko mbele yake na amesikia. Akamshika mkono, akampeleka jikoni, na sisi tuliobaki tukasikia vyungu vikifunuliwa kimoja baada ya kingine. Ilibidi bibi awafuate kumkumbusha mama kwamba tumbo la mtu mmoja lina mwisho, na kwamba hata chakula, mwanangu, huzidishwa.