Kwetu Ng'ombe Hawakufa

Enzi zetu, kule nyumbani karibu na Awasi, hakuna ng'ombe aliyewahi kufa. Wote walichinjwa. Ng'ombe akianza kuyumba malishoni, kabla hajalala vizuri mtu alikuwa ameshafika na kisu. Damu ikitoka, hata kijiko kimoja, basi huyo amechinjwa na nyama yake ni nyama. Kumwacha afe mwenyewe ilikuwa aibu ya boma zima. Nyinyi mliokulia pande hizo mnajua ninachosema, msijifanye leo eti mlizaliwa Milimani kwa matajiri.

Na raha yake naikumbuka. Majirani walifika na sufuria, na Dani, ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, mama yake baba, akagawa kwa mkono wake mwenyewe. Kila nyumba ilipata fungu lake, hata ile tuliyokuwa tumekosana nayo. Vipande virefu vilitundikwa jikoni juu ya moshi mpaka vikawa aliya, ile nyama kavu tuliyoiba tukienda kucheza mpira wa kati na kuitafuna hadi taya zikachoka. Watoto wangu wakiona sisimizi kwenye sukari wanataka kumwaga kilo nzima. Sisi tulimpuliza sisimizi akaenda zake, tukanywa chai.

Nilikuwa darasa la sita Rateng' alipoanguka. Alikuwa fahali wetu mweusi, ndiye aliyevuta plau. Asubuhi alikula nyasi vizuri, saa sita tukamkuta kando ya ua, miguu imekakamaa. Baba mdogo Okoth alikuja mbio na kisu. Mimi nilishika beseni la damu, kwa sababu kwetu damu nayo hupikwa. Ilitoka nyeusi na nyepesi. Tulingoja igande, haikuganda. Dani aliikoroga kwa kijiti, akaitazama kwa muda.

"Damu gani hii inakataa kushikana?" aliuliza.

Sufuria za majirani zilikuwa zimeshapanga foleni. Mama alichukua matumbo akaenda kuyaosha, na kwenye kiwiko cha mkono wake kulikuwa na mchubuko wa kuni za jana yake. Sijui kwa nini niliuona, lakini niliuona.

Jioni tulisikia pikipiki ya daktari wa mifugo. Huyo mtu tulimwogopa kuliko mwalimu mkuu, maana kazi yake, kwa macho yetu, ilikuwa kuzika nyama za watu. Dakika chache tu na kila kipande kilikuwa kimeingia chini ya kitanda cha Dani. Mama akachuchumaa mbele yangu.

"Ukiulizwa, sema ilichinjwa. Si uongo. Si uliona damu?"

Daktari aliwapita wakubwa wote, akaja kwangu moja kwa moja. "Mtoto, hii ng'ombe ilikufa ama ilichinjwa?"

"Ilichinjwa."

Alitazama lile doa jeusi chini, akatikisa kichwa. "Kama kuna nyama, msikule. Zikeni," alisema, akawasha pikipiki. Alipopotea njiani, Dani akasema huyo anataka tule mboga za sukuma mpaka Yesu arudi. Tulicheka sote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kwa kuwa uongo wangu ndio uliotuokolea nyama.

Siku ya tatu, pale penye mchubuko wa Mama paliota kipele, kama ameumwa na mbu. Kesho yake kikajaa maji. Kikapasuka, na katikati pakawa peusi kama kaa la moto lililozimika, huku mkono ukivimba kuelekea begani. Na ujanja wa kidonda kile ni kwamba hakikuuma. Mama alikibonyeza kwa kidole mbele yetu ili tutulie.

"Kitu haiumi si ugonjwa," alisema, akabeba jembe akaenda shamba.

Siku ya tano alishindwa kushika mwiko. Homa ilimtetemesha hadi meno yakagongana. Okoth alimpakia kwenye baiskeli, mimi nikakimbia nyuma nimebeba leso yake, mpaka zahanati.

Daktari wa hapo alikuwa kijana mpole. Aligeuza mkono wa Mama polepole. "Mama, umeshika mnyama mgonjwa, ama mwenye alikufa?"

"Hapana, daktari."

"Kabisa?"

"Tulichinja ng'ombe, lakini ilikuwa mzima. Uliza huyu mtoto, alikuwa hapo."

Daktari akanigeukia. Okoth akanitazama. Mama naye akanitazama, kwa yale macho ya siku ya pikipiki. Kwetu mtoto hakumkosoa mzazi mbele ya mgeni. Ungetandikwa na yeyote aliyekuwa karibu, na angeshukuriwa. Niliutazama ule mkono, ngozi imevutika mpaka inang'aa, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Alikufa," nikasema. "Baba mdogo alimchinja akiwa ameshakufa. Na damu ilikataa kuganda."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hii ni kimeta. Inatoka kwa ng'ombe, inaingia kwa kidonda. Mngekaa nayo nyumbani siku mbili zaidi, mngekuja kuniomba barua ya mazishi." Kisha akanigeukia tena. "Nani wengine walipata hiyo nyama?"

Nikawataja. Nyumba moja baada ya nyingine, hata ile tuliyokuwa tumekosana nayo.

Mama alidungwa sindano siku nyingi, akapona. Aliya yote ilichomwa na mabaki ya Rateng' yakafukiwa kwenye shimo refu, majirani wakanywa dawa huku wakinuna. Kwa muda mrefu nilikuwa "yule mtoto wa kusema", na kulikuwa na nyumba ambazo sikusalimiwa. Mama mwenyewe aliniambia neno moja tu: "Umeniaibisha." Hatukulizungumza tena.

Leo anaishi nami hapa Kisumu. Kovu liko palepale, na mikono ya gauni zake zote huishonesha mirefu. Siku hizi nyama ni robo kilo ya buchari, unaila ukiwa umefunga mlango, na jirani hujui hata jina lake. Usafi tumeupata. Lile fungu la kila nyumba limetupotea, na kusema kweli nalililia, pamoja na hatari zake zote.

Wiki jana mtoto wa kaka yangu alimpigia Mama simu kutoka nyumbani, maana sasa yeye ndiye Dani wao. Kijana wa chuo, mwenye simu inayojua kila kitu duniani. Ng'ombe alianguka, akasema, lakini wamemuwahi. "Dani, tukutumie yako na gari ya asubuhi?"

"Ilichinjwa?" Mama aliuliza.

"Ilichinjwa, Dani."

Mama alikunja mkono wa gauni, akalipapasa lile kovu kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya zahanati akalitazama mbele yangu. Kisha akanitazama mimi.

"Hapo kuna mtoto?" alisema kwenye simu. "Yule mdogo kabisa. Mpe simu."