Maua Yaliyoteremka Same

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea uhandisi, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko kilivyo sasa. Naanza na hilo kwa sababu wenzangu saba niliojenga nao lile gari bado wanasimulia kana kwamba ni mimi peke yangu niliyekosea. Si kweli. Tulikosea wote wanane, ila mimi nilikosea kwa sauti ya juu.

Usharika wetu uko milimani, upande wa Suji, na mwaka huo sharika zote ziliitwa mjini Same kwa jubilei. Kila usharika ulete gari lililopambwa, yapite barabarani kwa maandamano mpaka uwanjani, tarumbeta zikitangulia. Wazee wa kanisa wakaamua la kwetu litengenezwe na wanafunzi wa vyuo vikuu tuliokuwa nyumbani likizo. "Tumewasomesha," mzee mmoja alitutania mbele ya ibada nzima, "sasa tuone kama mnajua kitu zaidi ya kuchezea simu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na sababu yangu. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili. Baada ya mazishi nilikaa nyumbani nikisema sirudi chuo, nitamsaidia mama shamba, na ndugu wengi waliniunga mkono. Mjane, walisema, hawezi kuachwa peke yake huku binti yake mkubwa anahangaika na vitabu. Mama ndiye aliyenifungia begi. Alinisindikiza hadi kwenye gari la Makanya bila maneno mengi, na tangu siku hiyo kila kilichoharibika pale nyumbani, ng'ombe akiugua, ukuta wa jiko ukibomoka, hakukosekana mtu wa kumkumbusha kwamba ana binti mzima anayekula ugali wa chuo. Gari lile lingekuwa kitu cha kwanza kutoka kichwani mwangu ambacho kijiji kingekiona kwa macho. Niliapa kwamba siku hiyo mama atatembea kifua mbele, na wale waliomsema watafute pa kuangalia.

Tulibuni mlima. Juu ya lori tungesimamisha mlima wenyewe, wenye ngazi za mashamba kila upande, na katikati tuweke ndiva, lile bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji ambalo babu zetu walichimba na sisi bado tunalizibua kila mwaka. Mlima wote uwe maua. Ndiva ijazwe yale maua ya buluu yanayokaa mafungu makubwa kama kabichi, ambayo kwetu yanaota kila uani. Ngazi ziwe za yungiyungi nyeupe. Sisi wanane tusimame kileleni tukiimba.

Fremu niliichora mimi. Nilichagua milingoti ya mkonge, ile miti mirefu inayochomoza katikati ya mkonge uliozeeka, kwa sababu ikikauka ni myepesi ajabu. Wafanyakazi wa shamba moja la mkonge kule tambarare, mmoja wa Kigoma, mwingine wa Songea, walitukatia kwa moyo mkunjufu, wakatuuliza kama tunajenga banda la kuku la ghorofa. Nikapiga hesabu ya uzito: milingoti, waya, maua, watu wanane. Ilitimia, lakini haikubaki nafasi ya kuongeza hata ndoo ya maji.

Mama aliutazama mchoro wangu huku anachambua maharage.

"Maua mtayachomeka wapi?"

"Tutayafunga kwa waya, mama. Kwenye milingoti."

"Mlingoti mkavu huo, mwanangu. Ua litakunywa nini?"

"Ni siku moja tu."

"Sisi kwenye harusi tunachomeka kwenye mgomba. Mgomba una maji yake ndani."

"Mgomba ni mzito. Hesabu haikubali. Na hii siyo harusi, mama."

Akanyamaza, akaendelea na maharage yake. Mama akinyamaza namna ile hajashindwa. Ameamua kukuacha ujionee.

Fremu tuliijenga Same, juu ya lori, katika uwanja wa kanisa. Maua yangeteremshwa na pikapu siku moja kabla. Alfajiri ya siku hiyo msaragambo uliitwa. Kwetu msaragambo ni kazi ya wote: ukiitwa, kila nyumba inatoa mtu, iwe ni kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Safari hii kila nyumba ilitoa maua. Wamama walikuja na mafungu vichwani, mabibi wakaja na vikapu, hata yule jirani yetu mgomvi ambaye hataki kuku wa mtu akanyage ua lake alileta yungiyungi beseni zima. Saa mbili asubuhi nyua zote zilikuwa mashina matupu. Nilisimama katikati ya maua yale nikijiona mkuu wa wilaya.

Kisha tukafanya kosa ambalo mtu wa tambarare asingelifanya hata akiwa usingizini. Sisi wa milimani tunamjua adui mmoja tu wa mmea, naye ni baridi. Mche ukitoka kitaluni tunaufunika, kitoto cha mbuzi tunakifunika, mkungu wa ndizi tunaufunika. Basi na maua tukayafunika. Tuliyalaza kwenye pikapu tabaka juu ya tabaka, tukavuta turubai zito, tukakaza kamba pande zote vumbi lisipenye, tukapongezana kwa kugongesha viganja.

Tulifika Same saa saba mchana. Nilifungua kamba mwenyewe. Mvuke ulinipiga usoni, na harufu ya mboga iliyoiva. Yungiyungi zilikuwa zimelegea kama mchicha uliotoka sufuriani. Yale ya buluu yalikuwa yamegeuka kahawia. Nilichimba chini, nikachimba mpaka bodi ya gari, nikitafuta hata fungu moja la maua yaliyo hai, sikulipata.

Dereva wa pikapu, aliyekulia Same, alichungulia akatikisa kichwa. "Dada, mngeniuliza. Mimi hata nyanya sizifuniki hivyo."

Niliwafokea wenzangu. Nilimfokea aliyeleta turubai, nikamfokea aliyekaza kamba, ingawa kamba tatu kati ya sita nilizikaza mimi. Mmoja akasema tununue maua ya plastiki. Mwingine alikaa kwenye kivuli cha lori akicheka kile kicheko cha mtu anayekaribia kulia. Nilipoishiwa maneno nilikwenda nyuma ya kanisa nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yamefika?"

"Yamefika. Yamekufa yote. Ulisema mgomba."

Nilingoja anichambe. Nilistahili. Nilisikia jogoo akiwika kule kwetu, na mama akihema.

"Maandamano saa ngapi?"

"Kesho saa tatu asubuhi."

"Hesabu yako inakubali migomba mingapi?"

"Sijui."

"Basi piga hesabu uniambie. Mimi nakwenda kwa wamama." Akakata simu.

Nilikaa chini na kalamu na kipande cha boksi, nikaanza upya. Mgomba mbichi una uzito wa mtu, wakati mwingine zaidi. Kila nilivyogeuza namba, jibu lilikuwa lilelile: fremu ingebeba migomba au ingetubeba sisi. Nikampigia mama kumpa idadi, nikamrudisha dereva na pikapu yake mlimani, kisha nikawaambia wenzangu tunashuka wote.

"Wiki mbili tumejenga," mmoja alilalamika, "halafu tukatembee chini kama watazamaji?"

"Anayetaka kusimama juu aniambie yeye ni maua mangapi."

Tukafanya kazi. Tulifungua waya wote tuliokuwa tumefunga, tukang'oa jukwaa la waimbaji, tukaongeza milingoti ya kukingama chini ya kila ngazi. Viganja vilichubuka. Aliyekuwa anacheka kivulini alipanda kileleni akarukaruka pale kujaribu uimara, mpaka nikamwomba kwa heshima asituue. Jua lilipozama fremu ilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa mlimani, na mimi nilijua hali ya mlimani. Nyua zilikuwa tupu. Sikuelewa mama atatoa wapi maua, wala sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi, saa moja na nusu, pikapu iliingia uwanjani bila turubai. Vipande vya migomba vilisimamishwa wima, vimefungwa kwa kamba za mgomba huohuo, na kila kimoja kimechomekwa maua toka juu hadi chini. Maua yalikuwa yamesimama. Mama alikuwa katikati yake, ameshika kopo, ndoo mbili kati ya miguu, kitenge kimelowa hadi magotini, nyusi nyeupe kwa vumbi. Alikuwa ameyamwagilia njia nzima, mlima wote na lami yote. Wamama walikuwa wamepanda hadi pembeni mwa msitu, wakavuka hadi kijiji cha pili kuomba, wakapewa.

Tulianza kushusha. Kipande cha tano kilikuwa na mawaridi mekundu, nami nikasimama nacho mkononi. Mawaridi yale yanaota mahali pamoja tu nyumbani kwetu. Mama aliyapanda juu ya kaburi la baba wiki ileile ya mazishi, na tangu hapo hakuwa amemruhusu mtu kukata hata moja, hata mchungaji alipoyaomba kwa ajili ya madhabahu ya Pasaka.

"Mama. Haya ni ya baba."

"Yataota tena," alisema, akinipokonya kile kipande. "Shika upande ule, mgomba usianguke."

Saa tatu kasoro mlima wetu ulikuwa umejaa. Haukuwa ule wa kwenye mchoro. Ndiva ilikuwa na buluu kidogo tu, ngazi zilichanganyika rangi zote, na mawaridi ya baba yalikaa kileleni. Lakini jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na bila maji, yale maua yasingefika uwanjani. Nikarudia hesabu. Fremu ilikubali mtu mmoja zaidi, awe mwembamba. Sote tukamtazama mama.

"Mimi? Nimevaa hivi?" Aliangalia kandambili zake. "Nimekuja kusimama barabarani niwaone nyie."

"Mama, hesabu inakubali mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni wewe."

Alininyooshea kidole kama anayetaka kunikaripia, kisha akaufunga upya ushungi wake akapanda.

Tarumbeta zikapiga, magari yakaanza kutambaa. Sisi wanane tulitembea pembeni ya lori, mikono kwenye fremu, tukisikiliza kila mlingoti uliolia. Watu walijaa pande zote mbili za barabara, na nikawaona wa kijijini kwetu wamesimama kundi moja, na ndugu zetu wakiwa humohumo. Mtangazaji akapaza sauti: "Na hili ni gari la wasomi wetu wa chuo kikuu! Wamelibuni na kulijenga wenyewe!"

Watu wakanyoosha shingo kuwatafuta wasomi juu ya mlima. Walichokiona ni mwanamke mmoja aliyelowa, mwenye vumbi usoni, akichota maji kwa kopo.

"Msomi wa safari hii katuzidi umri!" mtu akapiga kelele, na umati ukaangua kicheko, kisha vigelegele, kwanza vya wamama wa kwetu, halafu vya barabara nzima. Mama aliona haya. Hakujua aangalie wapi. Akainama, akayamwagilia mawaridi ya baba polepole, moja baada ya jingine. Alipoinuka alikuwa anatafuta kitu chini, akanipata, akanionyesha kwa lile kopo mbele ya watu wote. "Ni huyu!" alisema kwa nguvu, kwa wale ndugu waliosimama pale. "Mimi namwagilia tu. Msomi ni huyu!"

Nilitaka kujibu kitu. Machozi yalikuwa yananitiririka waziwazi, tena lori lilikuwa linakata kona, ikabidi niegemeze bega kwenye mlingoti na kusukuma.