Viatu vya Mwalimu Mwingine Mlangoni

Saa kumi alasiri, Eddah Tsuma anasimama mbele ya nyumba moja ya mtaa wa Kuze, tayari kubisha hodi. Habishi. Kando ya mlango kuna viatu vyeusi vya kiume, vimepigwa rangi vikang'aa.

"Umeviona?" anamnong'oneza mwandishi wa makala haya. "Hivyo ni vya Ken."

Ken Oloo alisoma naye chuo cha ualimu. Siku hizi ana darasa lake la tuisheni huko Ganjoni, lenye ubao mweupe na feni mbili. Eddah, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, amengoja ajira ya serikali miaka tisa. Hana ubao wala feni. Huwafundisha hisabati wanafunzi saba majumbani mwao, na huenda kwa miguu.

Mwanakuu, wa kidato cha nne, ndiye fahari yake. Alimpokea akiwa na alama kumi na tisa kwa mia. Eddah hamruhusu kufuta kosa. Humtaka asome hesabu yake kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka aone mwenyewe alipopotea. Mtihani uliopita alipata sitini na nne.

Mlango unafunguka. Ken anatoka akitabasamu.

"Mwalimu Eddah! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri," anajibu Eddah, na uso wake unasema mengine.

Ndani, mamake Mwanakuu anamkaribisha kwa haya.

"Usitie moyoni, mwalimu. Mwana n'naye huyu mmoja, na mtihani umebaki wiki tano. Kwenye vekta alipata sufuri."

Eddah anafungua daftari. Kurasa nne za vekta, zote kwa mwandiko wa Ken, mishale imenyooka. Anazipekua kama anayetafuta kosa. Halioni.

"Unamwelewa?" anamuuliza Mwanakuu.

"Namwelewa, mwalimu. Yeye hana haraka kwenye vekta. Wewe huwa waniambia tutarudi."

Eddah anafungua ukurasa mpya. Anafundisha saa yake nzima, lakini sauti imempungua.

Baadaye, akiwa kwenye barabara ya Ndia Kuu, anasimama ghafla na kuyatoa yote.

"Wivu umenikaba. Ningeweza, ningemfungia mtoto yule asifundishwe na mtu mwingine. Lakini amesema kweli. Vekta zilinishinda tangu chuoni, nikawa naziruka. Nilimficha miaka miwili."

Anatoa simu na kumpigia Ken. Anamwomba amfundishe yeye mwenyewe vekta Jumamosi. Upande wa pili kunasikika kicheko, kisha, "Karibu sana." Eddah anakunja uso kwa kile kicheko, lakini hakati simu mpaka wakubaliane saa.

Anasema atajifunza mpaka aweze kuwafundisha wanafunzi wake wote saba. Na Mwanakuu je, akifaulu?

"Amshukuru Ken, sikatai," anasema Eddah. "Ila aanze na mimi."